BMW M5 Touring ya haibridi: maoni yangu ya mwanzo mimi mwenye gari

Nianze na uzito, maana kila nikikutana na mpenzi wa BMW, awe Mjerumani au Mswahili mwenzangu, swali ni hilo hilo, mbona gari imekuwa nzito hivyo? Ndiyo, ni nzito. Kwa kipimo cha Ulaya kinachomhesabu na dereva ni kilo 2,550, wakati M5 sedani ya kizazi kilichopita ilikuwa chini ya tani mbili, na Audi RS6 Avant ambayo ndiyo mpinzani wake wa siku zote ni nyepesi kwa karibu kilo 400. Huo uzito haufichiki na wala sitauficha. Ila nimeshakaa nayo msimu wa baridi, nimeiendesha kazini, sokoni, shule ya watoto, safari ndefu na familia, na msimamo wangu nautoa hapa mapema kabisa: sehemu kubwa ya hizo kilo ni betri na mota ya umeme inayosaidia injini ya petroli, na ukiwa na pa kuchomeka gari nyumbani zinakulipa kila asubuhi unapotoka. Kama huna pa kuchomeka usiinunue hii gari hata kama hela unayo, kanunue kitu kingine, utafurahi zaidi.

Kwa ambao hawajaifuatilia, hii ni M5 Touring, yaani M5 ya wagoni, ya kizazi kipya iliyotambulishwa 2024, inaundwa kiwanda cha Dingolfing huku huku Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na mimi nilienda kuichukua mwenyewe pale BMW Welt München, lile jengo la vioo karibu na Olympiapark. Chini ya boneti kuna V8, injini ya petroli ya silinda 8, ya lita 4.4 yenye turbo mbili, peke yake inatoa hosipawa 585, halafu ndani ya giaboksi wamepachika mota ya umeme ya hosipawa 197. Vikisukuma pamoja unapata hosipawa 727 na toku, ile nguvu ya kuzungusha matairi, ya Nm 1,000. Hiyo ya mota kuwa ndani ya giaboksi watu wanaipita haraka lakini mimi naona ndiyo akili ya gari yenyewe, kwa sababu umeme unapitia gia zote 8 na unakwenda kwenye matairi yote manne, kwa hiyo hata ukiwa unatembea kwa umeme mtupu kwenye theluji bado una 4WD kamili, na haibridi ambazo mota yao imekaa ekseli moja haziwezi hivyo. Betri ina uniti 18.6 za kutumia, imelala chini ya sakafu. Sifuri mpaka 100 ni sekunde 3.6, sedani yake ni 3.5, yaani hiyo tofauti huioni kwa macho. Spidi imefungwa 250, ukilipia M Driver's Package inafunguliwa mpaka 305, na mimi nimelipia maana naishi Ujerumani na barabara za kuitumia zipo mlangoni kwangu.

Ndugu zangu wa nyumbani wanashangaa kwa nini pesa yote hiyo iende kwenye wagoni. Nawaelewa, kwetu wagoni ni Probox ya mzigo, ni Fielder, ni Caldina ya kupeleka watoto shule, mtu akitaka heshima barabarani ananunua Prado au Land Cruiser. Huku hali ni tofauti, wagoni ndiyo gari ya familia, ndiyo gari ya daktari, ndiyo gari ya polisi wa Autobahn, zile barabara kuu za huku, na kuna watu wanaolala na kuamka wakiota wagoni yenye injini kubwa. Na M5 ya wagoni kihistoria ni adimu sana. Ya kwanza ilikuwa ile ya miaka ya 90 yenye silinda 6, zikatengenezwa 891 tu. Ya pili ikaja 2007 na V10 yake, ile inayolia mpaka mizunguko 8,000 kwa dakika, hadi 2010 zikawa 1,025. Baada ya hapo vizazi viwili vikapita bila wagoni kabisa, aliyeitaka akaenda kwa Audi. Ilipotoka M3 Touring 2022 na watu wakaipapatikia, BMW wenyewe wakaona kumbe soko lipo, na hii mpya ndiyo M5 Touring ya kwanza kuuzwa mpaka Marekani. Mimi nimeisubiri hii gari tangu ile V10 nikiiona kwenye magazeti ya magari nikiwa kijana, sina hata haya ya kusema.

Sasa nije kwenye maisha ya kila siku maana hapa ndipo pana mambo.

Naishi Augsburg, kazi yangu inanipeleka mjini humu humu na siku nyingine München. Usiku gari inachomekwa kwenye chaja ya ukutani gereji, asubuhi naiwasha moto wa ndani kwa simu ikiwa bado kwenye waya, kwa hiyo joto la kwanza linatoka ukutani halili betri. Natoka gereji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje theluji imeganda kwenye vioo vya majirani, wao wanakwangua kwa plastiki, mimi kioo changu kimeshayeyuka, siti ina joto, usukani una joto, nagusa mafuta gari inasogea kimya kabisa. Ile gari ya hosipawa 727 inapita mtaani hata paka hageuki. Zamani nilikuwa na wagoni ya dizeli yenye silinda 6, nikiiwasha alfajiri najua nimeamsha mtaa mzima. Hii naweza kurudi saa nane usiku kutoka kwenye harusi na mtoto wa jirani asishtuke.

Kwenye karatasi umeme peke yake unakwenda kilomita 61 hadi 67. Uhalisia wangu, baridi ikishuka chini ya sifuri napata arobaini na kitu, siku zenye joto inapanda hamsini na kitu, ikitegemea mguu. Kwa mizunguko ya mjini inatosha kabisa, wiki nzima inaweza kupita injini haijaamka zaidi ya mara chache. Spidi ya umeme inafika 140 kwa hiyo hata barabara kuu za pembeni ya mji unatembea na wenzako vizuri tu. Nikienda München naweka safari kwenye ramani ya gari hata kama njia naijua kwa kufumba macho, kwa sababu ukiiwekea safari gari inapanga yenyewe, inatumia V8 kwenye barabara kuu ya A8 na inabakiza umeme kwa ajili ya kuingia mjini. Ukifika kwenye foleni za Mittlerer Ring, ile barabara ya kuzunguka mji wa München, injini inazima bila kukushtua na unaendelea kwa betri. Naomba mtu anayefikiria kununua alijue hilo, ramani kwenye hii gari inaamua umeme utumike wapi, kazi yake imezidi kuonyesha njia.

Hesabu ya pesa iko hivi. Umeme wa nyumbani kwangu ni kama senti 30 za euro kwa uniti moja, kujaza betri yote inakaribia euro 6, na hizo zinanipeleka kazini na kurudi na mambo ya sokoni juu. Ukiiendesha kwa wese peke yake, betri imeisha, mwendo wa kistaarabu inakunywa kama lita 11 au 12 kwa kilomita 100, na inataka petroli ile nzuri ya bei ya juu. Ndiyo maana nasema bila kuchomeka hakuna maana, utakuwa unabeba betri na mota kila mahali huku unalipia mafuta ya V8 yenye mzigo mgongoni. Kuna watu hapa Ujerumani wananunua haibridi hizi kwa ajili ya kodi tu, waya haujawahi hata kutolewa kwenye mfuko wake, na hao hao ndio wa kwanza kulalamika gari inakunywa.

Hiyo ya kodi niieleze kidogo maana ndiyo inayofanya hizi gari zionekane nyingi huku. Ukiwa na gari ya kampuni unayoitumia pia kwa mambo yako, serikali inahesabu kila mwezi asilimia 1 ya bei ya gari kama kipato chako na unakatwa kodi juu yake. Haibridi ya kuchomeka ambayo kwenye karatasi inatoa chini ya gramu 50 za CO2 kwa kilomita inahesabiwa nusu ya hapo. M5 yangu iliingia kwenye hilo kundi, RS6 haimo. Kwa gari ya zaidi ya euro 140,000 kabla hujaweka hata kitu kimoja cha ziada, hiyo nusu ni pesa ya maana kila mwezi. Mimi na mke wangu tuna biashara yetu na gari imesajiliwa huko, kwa hiyo nimeifaidi hiyo sheria, lakini nachomeka kila usiku.

Tuje kwenye V8.

Kilomita 2,000 za kwanza unatakiwa uvumilie, injini isipite mizunguko 5,500 na spidi isipite 170, halafu unaipeleka kwa fundi ikabadilishwe oili ndipo unaruhusiwa kuikamua polepole. Mimi nilifuata sheria hiyo bila kuruka hata nukta, injini ya aina hii ukiitunza mwanzoni inakutunza baadaye. Baada ya hiyo sevisi, Jumapili moja asubuhi mapema, barabara kavu, nikaingia A8 kuelekea Ulm, kipande ambacho kina leni tatu na sehemu kubwa haina kikomo cha spidi. Nikasubiri oili ipate joto kwanza. Hili ni muhimu sana kwa haibridi, maana unaweza kutembea nusu saa kwa umeme halafu ukaingia highway ukakanyaga mpaka chini na injini ndio kwanza inaamka imeganda. Gari yenyewe inakuonyesha, ule mstari mwekundu wa mizunguko unakaa chini oili ikiwa baridi na unapanda taratibu, lakini ni wewe wa kuuheshimu.

Oili ilipokuwa tayari nikashikilia kile kipedali cha kushoto nyuma ya usukani, kile ukikibana gari inakusanya nguvu zote na gia zinashuka zenyewe, nikakanyaga nikiwa 120. Jamani. Mota ya umeme inaanza kwanza, unasukumwa kabla hata hujasikia kitu, halafu V8 inapokea na sauti inapanda kutoka nzito kwenda kali, na ile sekunde ya kusubiri turbo zijae ambayo nimeizoea miaka yote kwenye gari za turbo haipo, imezibwa na umeme. Kutoka 120 mpaka 200 ni pumzi moja. Nilifika 260 na kitu na gari imekaa imetulia, uzito wote umelala chini, haipeperuki na upepo wa malori, usukani uko mkononi wala haukimbii. Kwenye spidi kubwa za Autobahn huu uzito haukusumbui, mimi naona unasaidia. Nikarudi 130, nikavuta hewa, nikasema alhamdulillahi, hela yangu haijapotea.

Sauti ni nzuri lakini ya wastani, nje haipigi kelele kama M5 za zamani kwa sababu ya sheria za Ulaya, na ndani kuna sauti inayoongezewa kwenye spika ambayo mimi nimeizima siku ya kwanza. Nataka kuisikia injini yenyewe. Ukifungua dirisha kwenye handaki unaipata.

Safari iliyonifanya niipende kabisa ilikuwa ya Frankfurt, shemeji yangu alikuwa anaozesha binti. Tulikuwa mimi, mama watoto, mtoto wetu mmoja nyuma na mama mkwe katikati karibu naye kwa sababu alikataa katakata kukaa mbele, na mzigo wa harusi kama mnavyojua. Buti ina lita 500, wagoni ya 5 Series ya kawaida ina 570, hizo 70 zimeliwa na mambo ya umeme. Kwa macho inaonekana ndogo kwa gari yenye urefu wa zaidi ya mita 5. Lakini iko bapa, mdomo wake uko chini, upana wake ni mzuri. Tuliingiza masufuria mawili makubwa ya kupikia pilau, gunia la mchele la kilo 20, mabegi manne, kanzu zimetandazwa juu zisijikunje, na lile jamvi refu la mama tukalipitisha kwa kulaza siti ya katikati tu, maana siti za nyuma zinalazwa vipande vitatu, 40, 20, 40. Yaani mama mkwe akahamia dirishani, jamvi likakaa katikati ya watu, kila mtu na nafasi yake. Kiti cha mtoto kikakaa kwenye vishikio vyake vya ISOFIX bila shida.

Kilomita 400 hivi kupitia Nürnberg na Würzburg, naendesha 150, 160, wanalala. Karibu na Würzburg mama mkwe akaamka akaniuliza, "Mwanangu, tumezima gari?" Tulikuwa tunashuka mlima na injini imezima yenyewe, gari inakwenda kwa umeme inarudisha chaji. Nikamwambia hapana mama, iko hai. Akasema basi sawa, akalala tena. Ila ujue shokapu hata ukiziweka laini bado ni ngumu kuliko 5 Series ya kawaida. Kwenye highway ni safi kabisa, kwenye mawe ya mitaa ya zamani kama ile ya katikati ya Augsburg kila jiwe unalijua, na mama mkwe aliyajua yote.

Sehemu ambayo uzito unajionyesha waziwazi ni kona. Nilipanda nayo Kesselberg, ile barabara ya B11 kati ya Kochel na Walchensee ambayo wapenda magari wa Bavaria wote wanaijua, kona zimebana moja juu ya nyingine. Kuingia kwenye kona gari inajitahidi kuliko nilivyotegemea, magurudumu ya nyuma nayo yanakata kidogo kwa hiyo inajihisi fupi kuliko urefu wake, na tairi za nyuma zenye upana wa milimita 295 zinang'ang'ania lami kisawasawa. Lakini kabla ya kona, pale unapofunga breki, mwili wako unaambiwa ukweli. Breki zina nguvu za kutosha kabisa, pedali ni nzuri na sikuhisi ule mpaka kati ya breki ya umeme na breki ya diski, ila unasikia kuna kitu kikubwa kinasimamishwa. Na kona ya pili ikija haraka upande wa pili, gari inataka nusu sekunde ya kuhamisha mwili wake. Mwenye M3 Touring atakuacha hapo na atafurahi zaidi. Mimi nilikuwa naenda ziwani na familia wala sikuwa kwenye mashindano, kwa hiyo sikuumia, lakini mtu anayenunua M5 kwa ajili ya milima na viwanja vya mashindano aiendeshe kwanza kabla hajasaini. Diski kubwa, tairi pana za inchi 20 mbele na 21 nyuma na uzito huo, bili ya mwaka ataiona.

Mambo mengine ambayo ningependa yangekuwa tofauti. Skrini. Kila kitu kiko humo, AC, siti, mpaka hewa ya matundu ya dashibodi, na menyu ya M ina vitu vingi, injini, shokapu, usukani, breki, 4WD, gia, kiasi cha kurudisha chaji, kila kimoja na ngazi zake. Dawa yake ni vile vitufe viwili vyekundu kwenye usukani, M1 na M2. Mimi M1 nimeweka kila kitu laini cha kubebea mama mkwe, M2 nimeweka injini kali na 4WD Sport huku shokapu zikibaki katikati. Baada ya hapo menyu siigusi tena. Kingine ni kioo cha nyuma, 5 Series Touring za zamani kioo kilikuwa kinafunguka peke yake, unatupia mkoba au mkate bila kufungua mlango mzima. Kuanzia kizazi hiki hakipo. Kwa mtu aliyekaa na wagoni za BMW miaka mingi mkono unakitafuta kila siku, na kwenye maegesho ya chini yenye dari fupi ndipo unakikumbuka kweli.

Upana nao. Gari ina mita 1.97 bila saiti mira, matairi ya mbele na ya nyuma yametolewa nje kuliko 5 Series ya kawaida na kwa macho inapendeza mno, imekaa kibabe, hasa ukiiangalia kutoka kona ya nyuma kwenye ile rangi ya kijani ya Isle of Man niliyochagua. Lakini Autobahn ikiwa na matengenezo, leni ya kushoto wanaibana na kuweka alama ya mita 2 au 2.1, na kipimo chao kinahesabu na saiti mira. Mimi nimeshazidi hapo. Kwa hiyo una hosipawa 727 na unakaa kulia nyuma ya lori la Poland mpaka matengenezo yaishe. Magari ya wengi huku yamezidi na wanapita hivyo hivyo, mimi sipiti, faini ipo na bima ikisikia ulikuwa leni isiyo yako hapo pana mjadala.

Tanki ni lita 60. Kwa mwendo wa kawaida unafika, ukiikamua 200 na zaidi muda mrefu unaiona sindano ikishuka na unasimama sheli mapema kuliko jamaa wa dizeli. Na chaji ya ile niliyochukua mimi mwisho ni 7.4 kW, saa tatu na robo hivi kutoka sifuri mpaka kujaa, na hakuna chaji ya haraka ile ya highway. Nyumbani usiku haina shida hata kidogo. Ila usitegemee utasimama dakika 20 njiani ukanywa kahawa ukajaza, hiyo haipo. Mercedes E 53 Hybrid ya wagoni inaizidi hapa, umeme wake kwenye karatasi unakaribia kilomita 100, ila ina silinda 6, na mimi nilitaka V8. Nilifikiria RS6 pia, nyepesi, sauti nzuri, hosipawa 630 kwenye ile ya performance, gari ya wanaume kwa wanawake, naiheshimu sana. Kama ningekuwa naishi ghorofani mjini naegesha barabarani ningeichukua RS6 bila kuuliza mara mbili.

Wanaouliza kama itafaa kuja nayo nyumbani. Hii ya kwangu ina usukani wa kushoto, kwa Kenya hapo tu mjadala umekwisha. Kwa Tanzania, achilia mbali ushuru, angalia tairi zenyewe, ukuta wa tairi la nyuma ni asilimia 35 tu ya upana wake, bodi iko chini, matuta yetu ya barabara kuu na mashimo ya mtaani yatamaliza rimu za inchi 21 kabla ya mvua za masika. Halafu unahitaji fundi aliyesomea umeme mkubwa wa haibridi wenye mashine za BMW, sio wa kubahatisha. Mwenye hamu ya wagoni yenye nguvu kule, Subaru Legacy ya turbo iliyotunzwa bado inafanya kazi hiyo vizuri na vipuri vyake vipo.

Na kwa anayejiuliza kama inavuta tela, ndiyo inavuta, ukiagiza na ndoano yake ya kuvutia kiwandani inaruhusiwa mpaka tani 2 za tela lenye breki. Mimi niliagiza nayo. Majira ya joto tunapeleka boti ndogo ya shemeji ziwa Bodensee, na safari hiyo nitaifanya kwa hybrid mode, shokapu laini, mama mkwe dirishani.